Mizani Tatu za Mtoni

Nilipoombwa niupime Utenzi wa Kamba, sikuwa na digrii. Sikuwa na cheti cha ualimu, ingawa watu wa miji mitatu waliniita Mwalimu. Sikuwa na gari, wala macho ya kuendeshea gari. Sikuwa na kamusi nzima. Yangu iliishia herufi S, kurasa zilizobaki ziliishia kambini kwenye moto wa kupikia. Sikuwa na meno mawili ya mbele. Sikuwa na mke tena. Sikuwa na ndugu, maana mdogo wangu Rugamba alibaki mtoni mwaka ule tuliokimbia, na hakuna aliyemzika. Na sikuwa na shaka hata kidogo juu ya mambo niliyoyajua.

Nilichokuwa nacho nilikipata jioni. Kambini nilisoma shule ya jioni, chini ya turubai, baada ya kuchota maji na kupanga foleni ya unga. Mwalimu wetu aliitwa Polycarpe, mtu mkali aliyesomea Tanzania, na alitufundisha arudhi, yaani kanuni za kupima shairi. Nilipofika Louisville nilifanya kazi miaka kumi na moja kwenye ghala la vifurushi, na jioni nikaenda darasa la watu wazima, mpaka nikapata cheti cha sekondari nikiwa na miaka sitini na sita. Kimetundikwa Shively, kitongoji cha Louisville, nyumbani kwa binti yangu Umutoni, juu ya televisheni, ili mgeni asikikose.

Utenzi wa Kamba una beti sitini na moja. Haukutungwa na mtu mmoja. Uliundwa na akina mama walionusurika mtoni, katika safari ya kushuka kutoka milima ya Kivu Kusini, na waliutunga kwa Kiswahili kwa sababu msafara ule ulikuwa na watu wa makabila matatu na hakukuwa na lugha nyingine ambayo wote wangeweza kulia nayo pamoja. Mahadhi waliyachukua kwenye tenzi za kanisani. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu, watu wetu wa Louisville na Buffalo husafiri hadi Columbus kuungana na wenzao, na wote huwaombolezea watoto kumi na saba waliochukuliwa na maji. Utenzi huimbwa mwanzo hadi mwisho, watu wakiwa wamesimama.

Ndani yake zimo beti mbili ambazo shemeji yangu Rakeli, mjane wa Rugamba, hakupata kuzisikiliza mpaka mwisho. Zikianza, alichukua koti lake akatoka nje.

*Tulifika ukingoni,*
*maji yajaa pomoni,*
*Rugamba yumo mtoni,*
*na kamba akapokea.*

*Katikati ya mkondo*
*mwenye kamba kenda kando,*
*akaiachia mwendo,*
*watoto wakapotea.*

Haihitaji msomi. Ubeti wa kwanza unasema Rugamba ndiye aliyeshika kamba ambayo watu walivukia. Wa pili unasema mwenye kamba aliiachia. Mwili wa Rugamba haukuonekana, na wapo waliosema kwamba aliogelea akatokomea upande wa pili.

Hakuna aliyewahi kumtukana Rakeli. Walimwita tu mke wa mwenye kamba. Siku ya kumbukumbu kiti cha kando yake kilibaki wazi, na sufuria ya wali aliyoileta ilirudi nyumbani ikiwa imejaa. Wakati huo aliishi Linden, pale pale Columbus. Akahama, akaenda Buffalo kwenye theluji, mtaa usio na watu wetu, apate majirani wasiojua utenzi. Mwaka juzi binti yake Vestine alichumbiwa na kijana wa Columbus. Wazee wa kijana walikaa kikao kimoja tu. "Binti hatuna ugomvi naye," walisema, "lakini siku ya kumbukumbu tutakaa upande gani?" Mahari haikuzungumzwa tena.

Mwezi wa kwanza mwaka huu Mchungaji Ruberwa, anayeongoza kanisa letu la Whitehall, ubavuni mwa Columbus, alinipigia simu.

"Mwalimu, tunachapisha kitabu. Watoto wetu ukiwauliza jina la bibi yao wanakujibu kwa Kiingereza. Donc, kwa hiyo, tunataka utenzi wetu uwe kwenye maandishi ya kuaminika. Pima beti zote, utuambie ipi ni ya asili na ipi imechomekwa. Utakalosema wewe ndilo litakalochapwa."

Nilimwambia nitafikiria, ingawa nilikuwa nimeshavuta karatasi.

Siku mbili baadaye akapiga Rakeli.

"Shemeji, umeamkaje huko?"

"Mimi nimeamka. Magoti ndiyo bado."

Hakucheka. "Nasikia wamekupa kazi ya utenzi."

"Wamenipa."

"Basi upime ubeti ule. Ukikuta umechomekwa, sema. Ukikuta ni wa kweli, sema vilevile. Nimechoka kutojua niliolewa na nani."

"Nitapima bila upendeleo," nikamwambia. "Rugamba ni mdogo wangu, lakini nikianza kupima sina ndugu."

"Bon. Wewe pima tu," akasema, akakata.

Niseme jinsi nilivyopima, maana ndiyo kazi niliyojivunia. Utenzi una mishororo minne katika kila ubeti, yaani mistari minne, na kila mshororo una mizani nane, yaani silabi nane. Mishororo mitatu ya kwanza hufanana vina, na wa nne hubeba kina cha utenzi mzima, ambacho katika Utenzi wa Kamba ni *ea*. Mimi huhesabu kwa maharage. Kila silabi punje moja, kila mshororo safu moja, mezani jikoni. Mshororo uliopungua unauona kwa macho kabla hata hujahesabu.

"Baba, unasoma au unapika?" Umutoni aliniuliza siku ya tatu.

"Napima."

"Pima, lakini saa kumi uyarudishe kwenye bakuli. Watu humu hawali mashairi."

Nilikuwa na nakala mbili. Moja ilikuwa daftari langu la kambini, ambalo ndilo tunaloimbia Louisville. Nyingine ilikuwa sauti ya kwaya ya Columbus, ambayo mtu aliirekodi na kunitumia kwenye simu. Nilikuwa na kanuni moja niliyoiamini: ubeti wa kughushi huchechemea. Anayechomeka maneno yake katika shairi la wengine huwa ana haraka, hahesabu, na kina chake huwa cha kulazimisha. Kwa kanuni hiyo nilizikamata beti tatu ambazo kwaya ya Columbus iliongeza kumsifu kiongozi wake wa zamani. Zilikuwa na mishororo ya mizani tisa na kumi. Nilicheka peke yangu.

Nikafika kwenye ubeti wa Rugamba. Nane, nane, nane, nane. Vina *ni*, *ni*, *ni*, na *ea*. Jina lake lilikalia punje tatu barabara, bila kusukumana na jirani. Nikaliondoa jina nione. Mshororo ukabaki na punje tano, kama mtu aliyekatwa mguu. Nikalirudisha. Nikasikiliza Columbus mara saba. Waliimba neno kwa neno kama daftari langu. Mashahidi wawili kutoka miji miwili, na hesabu kamili.

Nilikaa mbele ya safu zile muda mrefu. Nilitamani kudondosha punje moja sakafuni. Moja tu ingetosha. Ningesema ubeti una kasoro, na hakuna mtu katika miji mitatu ambaye angeweza kunibishia. Sikuidondosha. Nilijiona mtu mwadilifu sana siku ile, na nililia, na hata katika kulia kwangu mlikuwa na majivuno.

Kuna jambo ambalo mpimaji bora kuliko mimi angeliona. Beti zote za mtoni katika utenzi ule zinachechemea kidogo, hata baada ya kunyooshwa, kwa sababu zilitungwa na watu waliokuwa wakilia. Ule mmoja ulikuwa umenyooka kuliko wote. Mimi unyoofu wake nikauita ushahidi wa ukweli.

Mwezi wa pili nilipanda basi hadi Columbus. Kanisa la Whitehall ni ukumbi uliokuwa duka la mazulia, na bado unanuka gundi. Walikuwa wamenitafutia ubao mweupe na kalamu. Baada ya ibada nilisimama mbele ya watu kama mia mbili na nikawafundisha arudhi kwa dakika arobaini. Nilichora visanduku. Nilizifuta zile beti tatu za kiongozi wa kwaya, na watu wakacheka, na kiongozi mwenyewe akacheka kwa shingo upande. Kisha nikaandika ubeti wa Rugamba.

Theogene alisimama. Ni mtu wa makamo, fundi katika kiwanda cha vipuri vya magari, na alipoteza wadogo zake wawili mtoni.

"Donc Mwalimu, jina limo au halimo?"

"Limo," nilisema. "Lina mizani tatu kamili. Ukilitoa, mshororo unakufa. Jina ni la asili."

"Na wewe ni kaka yake."

"Mimi ni kaka yake."

Alitembea kutoka kiti cha nyuma mpaka mbele, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Watu wakasimama. Walipiga makofi, na baadhi ya akina mama walilia. Nakiri kwamba moyo wangu ulijaa. Nilikuwa nimeshuhudia dhidi ya damu yangu mwenyewe, kwa hesabu, mbele ya watu, na niliona kwamba elimu yangu ya jioni ilikuwa imefika mahali pake.

Nilimwambia Mchungaji kwamba Rakeli hatayasikia haya kwa simu. Nitakwenda mwenyewe. Siku iliyofuata nikapanda basi jingine hadi Buffalo.

Rakeli alikuwa amepika mchuzi wa maharage na ugali, na samaki wadogo wa kukaanga aliowatoa sijui wapi. Vestine alikuwa kazini. Anawahudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee upande wa pili wa mji. Nilimweleza Rakeli kabla ya kula, kwa sababu niliona si haki kula chakula chake kwanza. Nilimweleza polepole, mizani kwa mizani. Alisikiliza huku akikanda vidole vyake.

"Basi," alisema nilipomaliza. "Mimi nilivuka asubuhi, na kundi la kwanza, Vestine mgongoni, tukasonga mbele bila kungoja. Ni yeye aliyekuwa ameshika kamba. Alinitania kwamba mtoto ni mzito kuliko mama. Kumbe jioni aliiachia."

"Ndivyo utenzi unavyosema."

"Sawa. Kula, shemeji."

Tulikuwa hatujanawa mikono vizuri alipogonga mlango Mama Cibalonza. Ni mwanamke wa miaka themanini na kitu, Mshi, yaani wa kabila la Washi wa Kivu, aliyekuja vuli iliyopita kuishi na binti yake Patricia ghorofa ya chini. Alipitia kambi nyingine, si yetu. Alikuja kuazima chumvi, na alipoona mgeni akasahau chumvi na kuketi.

"Huyu ndiye Mwalimu wa Louisville?" aliuliza. "Yule wa kuhesabu wimbo kwa maharage? Bale ba Columbus banakusifu mpaka kwenye simu ya Patricia."

Nilitabasamu. "Ni kazi ndogo tu, mama."

"Wanasema umekuta jina la Rugamba."

"Nimelikuta."

"Nani Rugamba?"

"Ni mume wangu," alisema Rakeli.

"Najua ni bwana yako. Nauliza anafanya nini mule ndani ya wimbo."

Nikamsomea ubeti. Kabla sijafika mshororo wa nne alikuwa anatikisa kichwa.

"Haiko hivyo."

"Mama, ndivyo ulivyo katika nakala mbili."

"Nakala! Mimi nilikuwa mule majini." Akafumba macho, akaanza kuimba kwa sauti nyembamba isiyotetemeka. Mshororo wa kwanza, wa pili. Alipofika wa tatu alinyamaza. Aliweka kiganja kifuani na kukaa kimya kwa muda wa pumzi moja ndefu, kisha akaimba: "...yumo mtoni, na kamba akapokea."

"Umeruka neno," nilimwambia. "Mshororo wako una mizani tano. Zimepungua tatu."

"Sikuruka."

"Basi umelisahau. Ni umri, mama, hata mimi siku hizi..."

"Umri ni wako! Ile nafasi haiko ya neno. Pale tunanyamaza. Kila mutu anataja wake moyoni, na hamusikilizane." Aliinua vidole vinne. "Wanaume bane walishika ile kamba. Walipokezana tangu asubuhi, kundi kwa kundi, mvua inanyesha. Watoto walienda na maji jioni. Wote bane hawakurudi. Na wote bane walikuwa na mama, na bibi, na batoto. Tulikaa ng'ambo, sisi wanawake tuliobaki, tukaapa. Hakuna jina. Mwenye kamba abaki mwenye kamba. Maana tukitaja mmoja, bibi yake ataishi wapi?"

Rakeli aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto: "Mama, jioni ile alikuwa ameshika nani?"

"Tuliapa."

"Niambie mimi peke yangu."

"Hata Mungu akiniuliza nitamwambia tuliapa." Kisha akanigeukia. "Ni mujinga gani alitia jina pale?"

Nilikuwa nimeshajua. Nilijua tangu alipoweka kiganja kifuani.

Mimi sikuwapo mtoni. Nilikuwa nimetangulia kambini miezi minane kabla. Utenzi niliupokea vipande vipande, kutoka kwa wanawake waliofika wakiwa wagonjwa, nami nikauandika kwenye daftari kwa ajili ya zoezi la Mwalimu Polycarpe. Alikuwa ametuambia kila mmoja alete utenzi wa watu wake, aupime, na arekebishe kasoro. Mwanamke aliyeniimbia ubeti ule alinyamaza pale pale, akaweka kiganja pale pale. Nilidhani amechoka. Nilihesabu, nikakuta tano. Mwalimu alikuwa amesema kwamba mshororo wa mizani tano ni kilema. Nilikuwa nimesikia kwamba Rugamba ndiye aliyeingia majini kwanza, na nilitaka jina lake liimbwe. Lina silabi tatu. Liliingia kama ufunguo kwenye kufuli lake.

Sikuona kwamba ubeti unaofuata unamlaumu mwenye kamba, na kwamba jina nililoliweka juu litashuka lenyewe mpaka chini. Polycarpe alinipa kumi na tisa kwa ishirini. Wenzangu wa darasani walinakili daftari langu, wakalifundisha kwaya, kwaya zikaruka na ndege hadi Louisville na Columbus. Wale mashahidi wangu wawili walikuwa shahidi mmoja, naye alikuwa mimi. Nami niliuimba miaka ishirini na minne, mpaka nikaamini kwamba niliupokea hivyo.

Nilisema, "Ni mimi," nikawaeleza zoezi lile na alama kumi na tisa nilizopewa.

Cibalonza alinitazama, kisha akamtazama Rakeli, kisha akajikokota akasimama na kutoka bila chumvi.

Rakeli hakupiga kelele. Alianza kukusanya sahani ambazo hazikuwa zimeliwa.

"Mizani ngapi?" aliuliza.

"Tatu."

"Miaka ishirini na minne nimekula peke yangu kwa ajili ya mizani tatu."

"Nilitaka kumheshimu, Rakeli."

"Ulitaka kumi na tisa."

Alimimina mchuzi kwenye bakuli, akalifunika, akaliweka kwenye friji, akarudi na kitambaa akafuta meza ambayo haikuwa chafu. Nikaanza kusema neno, akainua mkono.

"Usiniombe msamaha leo. Ukiniomba itanibidi nijibu. Na sijui hata kama alikuwa yeye au hakuwa yeye. Nilifikiri utanipa moja kati ya mawili. Umenipa shimo."

Asubuhi yake nilimpigia Mchungaji Ruberwa. Nilimweleza yote.

"Mzee Kagabo," alisema. Hakuniita Mwalimu. "Jumapili ulisema limo. Watu wamelia. Theogene amekushika mkono. Leo Jumanne unaniambia halimo? Watasema shemeji yako amekupikia vizuri."

"Hata sikula."

"Mimi nakuamini. Lakini mimi si kamati. Kitabu kinaingia mtamboni Jumatatu. Ulisema mbele ya watu. Kwa simu haitoshi. Andika kwa mkono wako, utie sahihi, uitume kwa njia ya haraka. Nitaisoma mbele yao." Akashusha sauti. "Ila nisikudanganye. Kwenye karatasi tutalitoa jina. Midomoni hatutaliweza. Watu wangu wanaujua ubeti ule kuliko wanavyojua anwani zao."

"Na Rakeli?"

"Wengine watasema umemwonea huruma. Wengine watasema kama si yeye, basi ni nani kati ya wale watatu, na wataanza kutafuta. Umefikiria hilo? Wajane wengine wawili wako hapa hapa Columbus."

Sikuwa nimefikiria.

Vestine alirudi kutoka kazini mchana akiwa bado amevaa sare. Mama yake alikuwa amemwambia. Alinikuta mezani na karatasi, akajitengenezea chai, akaketi mbele yangu bila kunisalimu. Nilikuwa nimeandika kurasa tatu. Alizivuta, akasoma ukurasa wa kwanza, Kiswahili kikimpa tabu kidogo, kidole kikifuata mstari.

"Baba mkubwa, hapa bado unajisifu."

"Wapi?"

"Hapa. 'Kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi bora wa arudhi.' Na hapa. Hapa tena unawafundisha." Akanirudishia. "Unawaambia ulikosea au unawaambia ulivyosoma?"

Nilizichana. Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja, nayo akaitikisia kichwa. Ilikuwa imejaa machozi yangu, na alisema hakuna mtu Columbus anayehitaji machozi yangu. Ya tatu niliiandika kwa robo saa, nikamsomea kwa sauti. Rakeli alikuwa jikoni na bomba la maji lilikuwa wazi, lakini nilipoanza kusoma alilifunga.

*Kwa Mchungaji Ruberwa na kamati ya kitabu. Jumapili nilisema mbele yenu kwamba jina la Rugamba katika Utenzi wa Kamba ni la asili. Si kweli. Nililitia mimi, kambini, ili kujaza mshororo. Akina mama walioutunga waliacha nafasi pale kwa makusudi, wakaapa wasitaje jina la mtu yeyote, ili mjane yeyote asibebeshwe msiba ule. Mimi sikuwapo mtoni. Sijui nani alikuwa ameshika kamba jioni ile, nanyi hamjui. Nawasihi msimtafute. Rakeli amekaa peke yake miaka yote hii kwa kosa langu, na Vestine alikataliwa kwa kosa langu. Naomba mshororo uchapwe na mizani tano kama ulivyotungwa, na barua hii isomwe siku ya kumbukumbu, watu wakiwa wamesimama. Eliezer Kagabo.*

Nilingoja. Sijui nilingoja nini. Labda mtu aseme imeandikwa vizuri.

"Yule kijana ameshaoa," alisema Vestine mwishowe. "Ana mtoto. Hii itabadilisha nini?"

"Labda hakuna."

"Labda?"

"Hakuna," nikasema.

Alikunywa chai yake ikaisha. Kisha akachukua funguo za gari.

Rakeli alitoka jikoni akiwa na bahasha mkononi, ile ndefu nyeupe ambayo bili ya gesi hurudishiwa. Alibandika karatasi nyeupe juu ya anwani iliyochapwa na kunisogezea. Niliandika anwani ya kanisa la Whitehall, herufi kubwa. Nilikunja barua mara tatu nikaitia ndani. Nililamba gundi, nikabana kwa kiganja, nikabana tena. Rakeli alisimama akitazama mkono wangu mpaka nilipouondoa, kisha akarudi jikoni, na bomba likafunguliwa.

Posta ilikuwa mwendo wa dakika tano kwa gari. Theluji ilikuwa imerundikwa pande zote za njia, nyeusi kwa moshi. Vestine alibaki na injini ikinguruma. Niliingia ndani, nikapanga foleni nyuma ya mwanamke mwenye maboksi. Karani aliipima bahasha kwenye mzani wake mdogo, akabandika karatasi ya barua ya haraka, akaniuliza kwa Kiingereza kama kuna kitu chochote cha hatari ndani. Nilimjibu kwa Kiingereza changu cha jioni kwamba ni karatasi tu. Akaitupa kwenye kikapu nyuma yake, pamoja na nyingine, akamwita mtu aliyefuata.